Kelele ya Pikapu ya Mzee Ottavio

"Haya, iko wapi sasa?" aliuliza Nola kutoka chini ya pikapu. Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa ikionekana.

"Imenyamaza," alijibu Mzee Ottavio. "Imekusikia unakuja."

Nola Garraway akajiburuta nje kwa mgongo, grisi imemganda shavuni. Mji mzima wa Ingham ulijua kwamba hakuna kelele ya chuma iliyowahi kumshinda fundi huyo. Wakulima wa miwa walimletea matrekta yanayopiga mayowe, naye akayarudisha yakiwa na adabu zao. Leo pikapu kuukuu ya mzee mmoja wa Kiitalia ilikuwa ikimtia aibu mbele ya watu.

Mambo yalikuwa hivi. Ukienda polepole, gari lilinguruma vizuri. Lakini mshale wa mwendo ukigusa sabini kwenye ile barabara ya changarawe ya mtoni, ghafla utasikia: kata-kata-kata-kata, kama vikombe kwenye sinia la mtu mwenye homa. Ukirudi sitini, haikomi. Sharti upunguze mwendo mpaka karibu na kutambaa, ndipo inakatika.

"Ninyi mnaisikia masikioni tu," alilalamika mzee. "Mimi inanigonga ndani ya fuvu!"

"Baba, tulikubaliana," alisema Marisa, binti yake, aliyekuja kutoka Townsville na masanduku matupu. "Leo ikishindikana, gari linakwenda kwenye chuma chakavu, na wewe unakuja kukaa kwangu. Siwezi kulala nikijua unaendesha kitu kinachotaka kumwagika njiani."

Mzee akavuta kikombe chake cha kahawa karibu. Bila pikapu hakuna kuvua samaki mtoni, hakuna karata na wenzake, hakuna kwenda makaburini Jumapili kumpelekea marehemu mkewe maua. Kwa Marisa kulikuwa na nyumba ya ghorofani na paka asiyependa wageni. Mzee akachovya mkate kwenye kahawa mpaka ukalegea kabisa, akaumung'unya taratibu akiitazama miwa ya jirani.

Nola alikuwa amekwisha badilisha raba zinazoshikilia injini. Ekzosi ameifunga upya. Milango ameikaza mpaka ikawa haifunguki bila kupigwa bega.

"Vitu viwili vinavyogusana ni kama mume na mke," alimweleza Marisa huku akifuta mikono. "Vikibanwa pamoja, kimya. Vikiachiwa mwanya, vitakaa kwa amani mpaka mtu avitikise. Mtikiso ukizidi, vinaachana, vinarudiana, vinagongana. Na ugomvi ukishaanza, hauishi upesi hata ukivibembeleza."

"Huyo anamsema mumewe," mzee akamnong'oneza binti yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mume wangu hana mwanya, Mzee. Namkaza kila Jumamosi."

Nola akaliendesha gari peke yake mpaka mtoni. Kimya. Marisa akaliendesha peke yake. Kimya. Nola akafikiri kwamba labda ni uzito, akapakia magunia ya mbolea kwenye kiti cha abiria badala ya mzee, akaenda nayo kwa mwendo uleule. Kimya kama kanisani siku ya Jumatatu.

"Basi ni wewe tu, Baba," Marisa alisema akicheka. "Gari lenyewe limekuchoka."

Aliona uso wa baba yake ukisinyaa, akajuta papo hapo. Pikapu ile ndiyo iliyomleta Marisa nyumbani kutoka hospitali alikozaliwa.

"Mara ya mwisho," alisema Nola. "Wote watatu."

Marisa akashika usukani, mzee akakaa dirishani, Nola akajibana katikati na mpini mrefu wa nyundo. Ncha moja aliigusisha kwenye chuma, nyingine akaitia sikioni, kama alivyofundishwa na babake.

Hamsini. Sitini. Sabini.

Kata-kata-kata-kata!

"Mmeisikia?" mzee akafoka. "Hiyo hapo! Hiyo hapo, mwizi huyo!"

Kelele ikakatika.

"Usiongee, Baba! Unaiogopesha."

Mzee akafunga mdomo. Kelele ikarudi.

Nola akauweka mpini kwenye dashibodi. Hakuna kitu. Akauhamishia kwenye paa. Hakuna. Kwenye mlango wa mzee alisikia kitu kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Kwenye mgongo wa kiti, alikoegemea mzee, hodi ikasogea karibu. Akakunja uso.

Marisa alikuwa akipepesa macho kuzuia machozi. "Nola, acha," alisema. "Umejitahidi. Hata mwenyewe ameshakata tamaa, mtazame."

Kweli mzee alikuwa amejiegemeza kitini kwa unyonge, mikono mapajani, kidevu kikitikisika na kila shimo la barabara. Na kadiri alivyonyamaza, ndivyo kelele ilivyozidi kutawala gari zima.

"Nageuza," Marisa alisema.

"Usigeuze. Na usipunguze mwendo."

Nola akauinua mpini, akasita, kisha akauegemeza polepole kwenye kidevu cha mzee. Akasikiliza. Akasikiliza tena, macho ameyafumba.

Halafu akatoa kitambaa safi mfukoni, akakitandaza kiganjani.

"Mzee, nipe meno. Ya juu na ya chini."

Mzee akayachomoa yote mdomoni, akayalaza kwenye kitambaa. Pikapu ikapita themanini, ikapita tisini, bila hata kukohoa.