Umelalaje?

Palikuwa na ndege Mnana, fundi wa kusuka vitanda, mwenye adabu kupita wote. Kila asubuhi alimwuliza mteja wake Popo, “Umelalaje, bwana?” Naye Popo hujibu, “Salama, fundi.” Mnana akaridhika. Lakini popo wengine hawakuja kununua, na kazi ikadorora. Akaongeza pamba vitandani, wapi!

Mchana mmoja akaenda kuchungulia kwa Popo. Akakuta kitanda kimejaa mapera, na Popo ananing'inia darini kichwa chini, anakoroma.

Popo alipozinduka akaona haya. “Ulikuwa unanisalimia, fundi. Ningejibu nini?”

Mnana hakukasirika. Miaka mitatu ameuliza umelalaje, na leo ndiyo kwanza ameona jibu. Akachomoa ufito mmoja kitandani, akaupachika darini.

“Jaribu huu,” akasema. “Na kesho usiniambie salama. Nitakuja kuona mwenyewe.”