Titi la Kuazima

Hospitali ilikuwa mbali, kwa hiyo daktari alikuja kwa simu ya video, kijana wa juzi tu. "Haya bibi, nionyeshe titi lenye uvimbe."

Mama akaziba simu kwa kiganja. "Nimvulie nguo mtoto huyu?" alimnong'oneza binti yake. "Onyesha lako."

"Mama, mgonjwa ni wewe!"

"Lako limenyonyesha watano, hatajua. Maumivu nitamweleza mimi."

Binti akacheka, akafungua vifungo vya blauzi. Mama akashika simu usawa wa kifua cha mwanawe, akaanza kueleza.

Daktari akamkatiza. "Bibi, hapo chini ya chuchu ngozi imevutika ndani, ina vishimo kama ganda la chungwa. Ilianza lini?"

Binti aliacha kucheka. Akainama kujitazama.

"Bibi, shika simu vizuri," daktari alisema. "Picha inatikisika."