Tanbihi ya Tisa

Profesa alipomaliza mhadhara wake, ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mwanafunzi wake wa uzamivu wa falsafa hakupiga. Mhadhara ule ulikuwa sura ya tasnifu yake yeye, neno kwa neno, ambayo profesa alimrudishia mwaka jana akisema, "Haina kichwa wala miguu, binti. Tupa."

Akanyoosha mkono.  

"Profesa, huyo mwanafalsafa uliyemnukuu katika tanbihi ya tisa, ambaye umesema umemsoma miaka mingi, ameandika vitabu vingapi?"

"Vingi tu," profesa akajibu kwa bashasha.

"Jina hilo nililipachika mimi katika sura yangu. Ni la bibi yangu, muuza mkaa. Hajui hata kusoma."

Akageukia viti vya nyuma.

"Bibi, hebu simama, msomaji wako akuone."