Palipoungwa Cheni

Namkunda aliikokota pikipiki ya marehemu mumewe hadi kwenye banda la fundi Mbonea, akaomba iwekewe cheni mpya. Ile iliyokatika siku ya ajali aliileta ndani ya mfuko.

"Cheni peke yake haitoshi, shemeji," Mbonea alisema. "Spoketi zote mbili zimelika, meno yamechongoka. Zitaimaliza hiyo mpya upesi."

"Badilisha zote. Mdogo wake ndiye ataiendesha."

Fundi akaitandaza cheni ya zamani juu ya gunia, akaipapasa pingili baada ya pingili. Alipofika palipokatika, vidole vikasimama. Wiki mbili kabla ya ajali cheni hiyo ilikuwa imelegea. Badala ya kumshauri marehemu, rafiki yake, anunue mpya, alikata pingili moja, akaiunga, nao wakacheka kwamba sasa pikipiki imekaza mkanda.

"Wanasema alikuwa mwendo kasi," Namkunda alisema. "Mama mkwe hanisemeshi. Eti mimi ndiye niliyempigia simu awahi nyumbani."

"Ulimpigia?"

"Nilimpigia. Ugali ulikuwa unapoa."

Mbonea aliiokota cheni kutoka kwenye gunia. Kisha akaunyoosha mkono wa Namkunda, akaziweka kiganjani ncha mbili za cheni.

"Hapa niliunga mimi, shemeji. Hapa hasa."

Grisi nyeusi ilikuwa ikienea taratibu katika mistari ya kiganja cha Namkunda, naye hakukifumba wala hakukiondoa.