Mguu wa Gwandu

Wilayani kwa Mama Gwandu, bingwa akituzwa, kipaji chake hunakiliwa kwa mashine na kutiwa mwilini mwa kila mtoto. Ndiyo heshima yenyewe. Mwanawe Gwandu aliposhinda mbio ndefu, watoto wote walipewa mwendo wake, pamoja na ule mguu wa kushoto aliouburuta kidogo tangu alipovunjika utotoni.

Masika yaliyopita Gwandu alifariki. Tangu hapo, mama yake akisikia mguu ukiburutwa uani huacha unga na kukimbilia mlangoni. Huwa ni mtoto wa jirani.

Mwaka huu alituzwa yeye mama, kwa mikate yake inayogombewa sokoni.

"Lete mikono, Mama Gwandu," alisema afisa.

"Na ule mwendo, baba, hamwezi kuwaondolea?"

"Heshima hairudishwi, mama. Kwani hufurahi anavyokumbukwa?"

Alinyoosha mikono, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Jumapili, mguu uliburutwa tena uani. Alijua si yeye, lakini alitoka mbio vilevile. Binti wa jirani alikuwa amesimama na mkate wa moto.

"Nimeuoka mwenyewe, mama. Onja."

Alimega kipande, akatafuna, akakaa chini palepale kizingitini. Ilikuwamo ile chumvi aliyokuwa akiizidisha kwa ajili ya Gwandu tu.