Nyayo za Kielelezo

"Ifahamike kwa wananchi wote," Sajenti Heche alitangaza mbele ya kituo, kifua mbele, "kwamba kituo hiki hakijawahi kupoteza kielelezo."

Nyuma yake, kwenye nguzo, ilikuwa imefungwa kamba. Ng'ombe aliyepaswa kuwa mwisho wa kamba hiyo hakuwepo.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa Wangwe. Alikamatwa pamoja na mwizi, akawekwa kituoni kama kielelezo. Siku kesi ilipokwisha, Wangwe alikwenda kumchukua, akaonyeshwa kamba. Akaandika barua mkoani: polisi wamemla. Ndiyo maana leo Inspekta Beatrice alikuwa hapa, akiwa na uwezo wa kumvua Heche cheo kabla ya chakula cha mchana.

Heche alijichokoa meno. "Afande, aliyemwiba ni Wangwe mwenyewe. Tufuate nyayo."

Huku kwetu sheria hiyo anaijua hata asiyejua nyingine: boma nyayo zinapoishia ndilo lenye kesi.

Walizifuata kwenye tope, kilomita tano za njia ya Busawe. Nyayo zilikuwa safi, zimepangika kama gwaride. Heche alitangulia, mkoba begani, akifukuza nzi na kuhutubia juu ya uadilifu. Beatrice alimfuata.

Zikaishia langoni kwa Wangwe.

"Nyayo haziongopi," Heche alisema, akitoa pingu. "Ng'ombe yuko wapi?"

"Si mlimla?" Wangwe aliuliza, akitoka nje.

"Anatukana serikali. Andika na hilo, Afande."

Bhoke, mama yake Wangwe, alikuwa akikandika ukuta kwa kinyesi cha ng'ombe. Alipoona pingu, aliacha kazi, akaja hivyo hivyo na mikono yake.

"Shikamoo, mama," Heche alisema, akirudi nyuma hatua moja.

"Marahaba." Bhoke aliinama, akazifuata nyayo kurudi walikotoka, mpaka kwenye kona. Akarudi. "Mura, kijana wangu, hizi mmetoka nazo wapi?"

"Tangu kituoni, mama. Hatua kwa hatua."

"Mwendo wote huo. Na njiani ng'ombe hakunya hata mara moja?"

Beatrice aligeuka, akaitazama njia yote. Kisha akautazama mkoba wenye nzi.

"Sajenti, ni ng'ombe wa namna gani huyu?"

Heche aliushusha mkoba chini taratibu, akabana miguu pamoja, akapiga saluti.

"Afande," akasema, "kwato tupu hazinyi."