Futi Mbili za Hewani

Hiyo ilikuwa bandari ya tano, na ya kwanza kumtajia Bi Zuwena bei aliyoimudu ya kufunga boti yake ya matanga msimu mzima. Mpimaji, Mzee Shekue, akavuta futi kamba toka nyuma hadi ncha ya mti uliochomoza mbele ya boti.

"Futi sitini na mbili, mama. Nafasi ya bei hii, mwisho sitini."

"Jamani! Huo mti uko hewani, haugusi hata maji. Unawabana nini?"

"Hapa tunapima pua mpaka mkia."

Zuwena akaingia ndani, akatoka na msumeno. Akaukata mti aliouchonga mwenyewe miezi minne. Kipande kikadondoka majini, kikaelea taratibu, kikaingia kwenye ile nafasi tupu, kikatulia.